Afya ya Jamaa: Moyo Upapatikao na Damu Igandayo

Katika maporomoko ya Wagenia, karibu na Kisangani, wavuvi husimika magogo marefu kati ya mawe, wakatundika migono mikubwa iliyosukwa. Maji yashukapo kwa nguvu huwasukuma samaki ndani. Lakini tazama tena, msomaji mpenzi: nyuma ya mwamba pana pembe ambamo maji hayaendi. Hapo povu na majani hukusanyika, hata siku moja fungu zima hung'oka likachukuliwa na mkondo.

Jambo la namna hiyo hutokea moyoni. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma mwilini. Katika mtu mwenye afya vyumba hivyo hupiga kwa zamu, kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja. Lakini wako wagonjwa ambao vyumba vyao vya juu havikazi tena. Vyapapatika tu, mfano wa samaki aliyenaswa mgononi. Ndipo damu hutuama katika kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, ikaganda. Donge hilo likitoka laweza kufika ubongoni na kuziba mshipa. Hicho ndicho kiharusi: mdomo waenda upande, mkono walegea, maneno hayaeleweki. Mwenye moyo wa namna hii yumo katika hatari ya kiharusi karibu mara tano kuliko mtu mwingine.

Wako wasemao kwamba aliyepooza amerogwa, wakaanza kumtafuta mwenye hatia katika jamaa. Hivyo huzaliwa mabaya mawili: mgonjwa hakupata dawa, na ndugu wamechukiana bure.

Sababu za moyo kupapatika ni nyingi: uzee, shinikizo la damu, pombe nyingi. Na kwetu Afrika mara nyingi ni vali za moyo zilizoharibika tangu utoto, kwa homa ifuatayo maumivu ya koo. Kwa hiyo, akina mama, mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe zahanati. Penisilini huweza kumwokoa na msiba wa baadaye.

Je, aliyekwisha kuugua asaidiweje? Iko dawa ya kuzuia damu isigande, jina lake warfarini, na historia yake ni ya ajabu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani walikufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mtaalamu Karl Paul Link na wenzake, katika chuo kikuu cha Wisconsin, walikigundua kitu kilichowaua. Kutokana nacho ilipatikana warfarini, iliyouzwa tangu 1948 kuwa sumu ya panya. Mwaka 1954 iliruhusiwa Marekani kuwa dawa ya watu, na mwaka 1955 Rais Eisenhower alipewa alipougua moyo. Basi mtu asiogope akisikia habari ya panya: kipimo ndicho kitofautishacho sumu na dawa. Ikitumiwa vema, hupunguza viharusi vya wagonjwa hawa kwa theluthi mbili hivi.

Lakini yataka uaminifu. Damu hupimwa mara kwa mara, na kwa wengi kipimo kiitwacho INR chapasa kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu itaganda, kikipanda, itavuja. Sombe na mboga nyingine za majani hupunguza nguvu ya dawa. Hazikukatazwa, ila mgonjwa ale kiasi kile kile kila juma, asile sufuria nzima leo na kuacha mwezi mzima. Asimeze aspirini wala dawa nyingine yo yote bila kumwuliza daktari. Mama mwenye mimba, au anayeitazamia, amwambie daktari mapema, maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Choo cheusi, damu ya puani isiyokoma, au kuangukia kichwa juu ya mawe: haya yote ni ya kukimbilia hospitali.

Siku hizi ziko dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba kwa wale ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya utotoni, dawa za jamii ya warfarini zaokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani, mojawapo ya zile mpya. Uchaguzi ni wa daktari, si wa mwuza dawa sokoni.

Hatari kubwa ni hii: mgonjwa hujiona mzima, akaiacha dawa. Kumbe alijiona mzima kwa kuwa kiharusi kilizuiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi wanafunzi, leo jioni wekeni vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa babu au bibi, upande wa kidole gumba. Sikilizeni dakika moja. Mapigo yakienda ovyo, bila mpango, msiwatie wazee hofu. Mwambieni baba au mama, na mzee apelekwe kupimwa juma hili hili.