Tafsida na Saratani Iliyojificha Nyuma ya Bawasiri

Mwezi Julai 2019, kwa muda usiotimia siku 30, taifa hili liliwapoteza watu watatu mashuhuri kwa maradhi ya saratani: Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Safaricom, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Marehemu Okoth alikuwa amekwisha kutangaza hadharani, miezi kadhaa kabla ya kifo chake, kwamba alikuwa akiugua saratani ya utumbo mpana. Tangazo lile halikuwa jambo dogo. Liliwalazimu watu kutaja utumbo na choo katika mazungumzo ya sebuleni, mbele ya wakwe na wajukuu. Tangu wakati huo mjadala kuhusu saratani haujazimika, na ulizidi kupamba moto baada ya Oktoba 2024, bima ya NHIF ilipoondolewa na mahali pake kuchukuliwa na SHA.

Hata hivyo, ipo sehemu ya mwili ambayo mjadala huo bado unaipita kwa kunyata. Ni pale utumbo unapokomea. Na upo ugonjwa mmoja wa mahali hapo, adimu lakini hatari mno, ambao kwa maoni yangu unatufunza mengi kuhusu lugha kuliko hata kuhusu tiba: melanoma ya puru na njia ya haja kubwa. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni isimu, na msomaji asitarajie ushauri wa dawa kutoka kwangu. Lakini daktari yeyote atakiri kwamba, kabla ya vipimo vyote, hutangulia mazungumzo. Na mazungumzo ni uwanja wangu.

Tuanze na majina, kwani ndiyo yanayopotosha. Neno saratani tumelirithi kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita uvimbe wa aina hii kwa jina la kaa, na Walatini wakafuata. Melanoma, kwa upande wake, imetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya weusi. Daktari Mfaransa René Laennec, yule yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwanzoni mwa karne ya 19. Na mwaka 1838 Robert Carswell akaupa jina tunalolitumia hadi leo. Seli zinazougua ni zile zinazotengeneza rangi ya mwili, na aghalabu uvimbe wake huwa mweusi. Ndiposa jina likawa hilo.

Jina hilo, hata hivyo, si la kuaminiwa sana. Takriban thuluthi moja ya melanoma zinazoota katika njia ya haja kubwa hazina weusi wowote. Huwa na rangi ya nyama tu, nyekundu au ya waridi, na hata jicho la daktari mzoefu haliwezi kuzitambua kwa kuzitazama. Jina linasema "nyeusi", ugonjwa wenyewe si mweusi. Sisi tunaofundisha semantiki tunafahamu vyema kwamba asili ya neno si ufafanuzi wa kitu, ila kwa mgonjwa kosa hili si la kitaaluma tu.

Upotovu wa pili ni wa kudhani kwamba melanoma ni ugonjwa wa Wazungu na jua lao la ufukweni. Ni kweli melanoma ya ngozi huwapata zaidi watu weupe, na jua lina mchango mkubwa. Lakini seli za rangi hazikai kwenye ngozi peke yake. Zimo machoni, puani, kinywani, katika uke, na pale ngozi inapokutana na utando laini wa utumbo. Na karibu huko kote jua halifiki. Kwa hiyo rangi ya ngozi haimkingi mtu na melanoma ya aina hii. Wapenzi wa muziki wa rege watakumbuka kwamba Bob Marley, aliyefariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36, aliuawa na melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, mahali ambapo watu weusi huathiriwa zaidi. Kidole kile kilidhaniwa kuwa kimeumia tu mchezoni.

Dhana ya namna hiyo ndiyo inayofanya melanoma ya puru iwe mauti. Si kwamba haitoi ishara. Hutoa damu wakati wa haja kubwa, huleta maumivu au mwasho, huota kijinyama, hubadilisha mwendo wa choo. Balaa ni kwamba ishara hizi zote ni za bawasiri pia, na bawasiri ni ugonjwa wa kawaida mno, ilhali melanoma hii haifikii hata asilimia mbili ya saratani zote za sehemu hiyo. Anayeona damu husema ni bawasiri. Mkewe husema ni bawasiri. Mwuza dawa za mitishamba, ambaye tangazo lake limegandishwa kwenye nguzo ya stima pamoja na dawa ya kurudisha mpenzi, husema ni bawasiri na kwamba huiponya kwa siku saba. Wakati mwingine daktari naye husema vivyo hivyo, na kwa hesabu ya uwezekano hakosei: katika watu mia wanaomjia na damu, walio wengi wana bawasiri kweli. Yule mmoja asiyekuwa nayo ndiye anayerudi baada ya miezi minane akiwa amekonda.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Waswahili ni watu wa staha, na tafsida ni pambo mojawapo la lugha yao. Hatusemi mtu amekwenda kunya. Twasema amekwenda msalani, au amekwenda haja. Sina nia ya kuitukana staha hiyo. Nimelelewa ndani yake na wanafunzi wangu nawafundisha kwamba ni hazina. Lakini tafsida ina tabia moja: huficha kwa kutanua. Neno la wazi hulenga kitu kimoja. Neno la staha hufunika vitu vitano. Hebu tutazame kauli ambazo hutumika vyumbani mwa madaktari. "Nina shida ya choo" huweza kumaanisha kufunga choo, kuhara, kutokwa na damu, au hata kukosa choo nyumbani. "Naumwa tumbo" ni uwanja mpana usio na mipaka. Na ile kauli inayotumiwa sana na akina mama, "natokwa na damu huku chini", mathalani, huweza kumfanya mama apelekwe kwenye kliniki ya uzazi, apimwe kizazi, aambiwe ni salama, na kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyesema uongo. Neno "chini" ndilo lililobeba mizigo mitatu na kumfikisha mama mlango usio wake. Tukumbuke kwamba melanoma hii huwapata zaidi watu waliopita umri wa makamo, na wanawake kidogo kuliko wanaume. Yaani bibi zetu, ambao ndio wenye staha kushinda sote.

Mtu atauliza, si wataje tu neno lenyewe? Neno lipo, limo kamusini, na mhariri wa ukurasa huu angelifuta kabla wino haujakauka. Hilo si kosa lake. Jambo la kusikitisha ni kwamba baina ya tusi la mtaani na tafsida ya sebuleni hatujajenga ngazi ya kati. Katika shule zetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hutoka darasani akijua jina la Kiingereza la kila kipande cha utumbo, na anaporudi nyumbani kwa nyanya yake hana neno moja la Kiswahili la kumweleza ila lile la matusi. Wataalamu wa istilahi wametupatia "puru", neno fupi na safi, lakini mwalimu gani amepata kulitumia? Wahenga walituonya kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo kitamuumbua. Hawakutuachia msamiati wa kuyafichua.

Tuseme mgonjwa ameeleweka. Kinachofuata si kitendawili. Daktari huvaa glavu na kupima kwa kidole, kisha hutazama kwa kifaa chenye mwanga; na akiona kijinyama cha kutiliwa shaka hukata kipande na kukipeleka maabara. Huko mwanapatholojia hukitia dawa maalumu zinazofichua protini za seli za rangi, hata kama rangi yenyewe haionekani. Ni kipimo hiki pekee kinachomaliza ubishi. Zipo melanoma zilizogunduliwa baada ya mtu kufanyiwa upasuaji wa bawasiri, kwa kuwa tu nyama iliyokatwa ilipelekwa maabara badala ya kutupwa. Kisha hufanywa picha za mwili mzima kuona kama ugonjwa umesambaa kwenye ini, mapafu au tezi za kinena. Mswahili ana jina la tezi hizo zikivimba: mtoki. Mgonjwa anayesema "nina mtoki na natoka damu nyuma" amempa daktari taarifa ya thamani kuliko kurasa mbili za maelezo ya mzunguko.

Kuhusu tiba, nitasema kwa ufupi. Upasuaji ndio msingi ugonjwa ukiwa bado mahali pamoja. Kwa miaka mingi madaktari walibishana: je, kuondolewe puru na njia yote, mgonjwa abaki akitolea choo kwenye mfuko tumboni, au kukatwe uvimbe tu na nyama safi kidogo pembeni yake? Uchunguzi mwingi haukuonyesha kwamba upasuaji mkubwa humwongezea mtu maisha, ingawa huenda ukapunguza uwezekano wa uvimbe kurudi pale pale. Kwa hiyo, inapowezekana, siku hizi wengi hupendelea ule mdogo. Dawa za zamani za kemikali hazikufua dafu. Mageuzi yalianza mwaka 2011, Marekani ilipoidhinisha dawa ya kuamsha kinga ya mwili dhidi ya melanoma, iitwayo ipilimumab, kisha pembrolizumab na nivolumab mwaka 2014. James Allison na Tasuku Honjo, waliofungua njia hiyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Melanoma za sehemu za ndani huitikia dawa hizi kwa kiwango kidogo kuliko zile za ngozi, na wagonjwa wanaotimiza miaka mitano tangu kugunduliwa bado hawajafikia hata mmoja kati ya watano katika hesabu nyingi zilizochapishwa. Hata hivyo, tofauti kati ya aliyegunduliwa mapema na aliyechelewa ni kubwa.

Bei ya dawa hizo ni kilio kingine, na suala la bima ya SHA inalipa kiasi gani na kwa nani linastahili makala yake peke yake, tena ya mtu anayejua hesabu kunishinda. Ninachojua ni kwamba hospitali zetu za rufaa, Kenyatta jijini Nairobi na ya Moi jijini Eldoret, zina madaktari wanaoweza kukata kipande na maabara ya kukisoma. Kinachochelewesha safari ya kufika huko mara nyingi si barabara wala nauli.

Ninawaomba basi walimu wenzangu jambo dogo. Mnapofundisha tafsida, msiishie kwenye "kujifungua" na "kuaga dunia". Wapeni wanafunzi zoezi: mgonjwa anatokwa na damu, naye anaona haya, mwandikeni akizungumza na daktari, asitukane, na wala asieleweke vibaya. Watagundua wenyewe kwamba "haja kubwa" na "haja ndogo" ni tafsida zinazobainisha, tofauti na "huku chini" inayovuruga. Na wale wanaosomea udaktari wajifunze kuuliza hivi: "Mama, damu hiyo unaiona unapokwenda haja kubwa, unapokwenda haja ndogo, au hata usipokwenda haja?" Kisha waulize imeanza lini, na kama jibu ni zaidi ya majuma matatu, wavae glavu.