Mawingu ya Kakamega na uamuzi mgumu wa rubani

Adhuhuri, anga ya Iguhu katika eneobunge la Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, huweza kuwa safi bila doa. Kufikia saa kumi alasiri, mawingu meusi huwa yamejikusanya upande wa milima ya Nandi na radi zinanguruma. Kwa mkulima, hiyo ni ishara ya kuanua mahindi. Kwa rubani wa ndege ndogo au helikopta inayoelekea Kakamega, ni suala la uhai: asonge mbele au ageuke?

Hali hiyo ina sababu zake. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huvuma kuelekea mashariki mchana, ukakutana na pepo za upande wa pili na kupanda kwenye miinuko ya Nandi. Hapo huzaliwa mawingu mazito na mvua ya ghafla.

Ardhi nayo haimsaidii rubani. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, ilhali Iguhu iko zaidi ya mita 1,400. Anayetoka Kisumu akipita chini ya mawingu hujikuta nafasi yake ikipungua: ardhi inapanda, wingu linashuka.

Kuna njia mbili za kuendesha ndege. Ya kwanza ni kutazama nje na kufuata barabara, mito na upeo wa macho. Ya pili ni kutegemea vipimo vilivyo mbele ya rubani, na huhitaji mafunzo maalumu, mazoezi ya mara kwa mara na ndege yenye vifaa vinavyofaa. Balaa hutokea pale aliyeanza safari kwa njia ya kwanza anapomezwa na wingu bila kutarajia.

Ndani ya wingu, mwili humdanganya mwenyewe. Sikio la ndani, linalotuwezesha kusimama wima, haliwezi kutambua ndege inayopinda polepole. Rubani huamini kwamba anakwenda sawa, kumbe anazunguka akishuka.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasio na uzoefu wa kutegemea vipimo, kwa kuwanyima uwezo wa kuona nje. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Huo ni muda usiotimia dakika tatu.

Kenya imewahi kulipa gharama ya mawingu na milima. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi iliyowabeba viongozi waliokuwa wakienda kwenye mazungumzo ya amani iligonga kilima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walifariki, wakiwemo wabunge watano, miongoni mwao Bonaya Godana na Mirugi Kariuki. Juni 5, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kuelekea Nairobi iligonga safu ya Aberdare. Mabaki yake yalipatikana siku mbili baadaye, na watu wote 10 waliokuwemo walikuwa wamefariki.

Ni rahisi kulaumu ukungu. Hata hivyo, ukungu hauendi kumtafuta rubani. Mara nyingi yeye ndiye huufuata, akitumaini kwamba mbele kutapambazuka. Helikopta iliyomuua mchezaji wa mpira wa vikapu Kobe Bryant na watu wengine wanane karibu na Los Angeles, Januari 26, 2020, ni mfano bayana. Wachunguzi wa Marekani walisema rubani aliendelea na safari hadi akaingia mawinguni na kupoteza mwelekeo. Hawakupata ushahidi kwamba mteja alimshurutisha. Shinikizo, walisema, yamkini alijitwika mwenyewe.

Hapa ndipo fundisho lilipo kwa Magharibi mwa Kenya, ambako helikopta za wanasiasa hutua katika viwanja vya shule nyakati za mazishi na kampeni. Viwanja hivyo havina mitambo ya kumwongoza rubani kutua asipoona. Mheshimiwa akichelewa, umati hunung'unika. Naye rubani hufikiria kazi yake ya kesho.

Vifaa bora na utabiri wa hali ya hewa vinahitajika, lakini havitoshi. Kinachohitajika zaidi ni makubaliano kabla ya kupaa: rubani akisema safari imeahirishwa au ndege inarudi Kisumu, neno lake ni la mwisho na hapotezi kibarua kwa kulisema. Abiria naye awe na gari la akiba, au akubali kuchelewa.

Wahenga walinena kwamba kawia ufike. Mazishi yanaweza kumsubiri mgeni kwa saa mbili, na mkutano wa kisiasa waweza kufanyika kesho yake.