Udada usiishie kwenye tisheti

Umeziona zile video, usijifanye. Wasichana wa vyuo vya Marekani, nguo rangi moja, wanakanyaga chini kwa pamoja na kupiga ishara za vidole, umati unapagawa. Kamala Harris alipogombea urais 2024, hata mimi huku Kuruwitu nilijua kwamba waridi na kijani ni rangi za Alpha Kappa Alpha, chama cha udada alichojiunga nacho akisoma Chuo Kikuu cha Howard.

Sasa nasikia wasichana wetu wa vyuo wanataka vyao: herufi za Kigiriki, rangi, tisheti. Sina noma na hilo. Swali langu ni moja tu: mkishavaa, mmeapa nini?

Chukua Delta Sigma Theta. Ilianzishwa Howard tarehe 13 Januari 1913 na wanafunzi 22 waliojitenga na Alpha Kappa Alpha, iliyokuwepo tangu 1908. Rangi zao nyekundu iliyoiva na krimu, ishara yao pembetatu ya vidole. Lakini tarehe 3 Machi, hata miezi miwili haijaisha, walikuwa barabarani Washington wakiandamana wanawake wapewe kura. Na uanachama hauishi na chuo. Bibi wa miaka 70 bado ni dada.

Mwaka huo huo, kwenye hii tunayoiita leo Kaunti ya Kilifi, Mekatilili wa Menza alikuwa akizunguka vijiji vya Wagiriama na ngoma ya kifudu. Watu wakamfuata hadi Kaya Fungo. Huko wanawake wakala kiapo chao, mukushekushe, na wanaume chao cha fisi: Mwingereza hapewi kodi ya nyumba, wala vijana wa kumfanyia kazi shambani. Sare hawakushona, hando kila mama alikuwa nayo. Oktoba akakamatwa, akapelekwa Kisii. Akatoroka, akarudi kwao kwa miguu.

Nakwambia haya kwa sababu na mimi nilikuwa na madada chuoni. Tulikuwa na kofia, tulikuwa na wimbo. Karo iliponishinda mwaka wa pili, nikarudi nyumbani. Wiki haikuisha nikatolewa kwenye grupu la WhatsApp. Eti ni la wanafunzi tu. Kofia bado ninayo, huwa naivaa nikienda kununua samaki.

Kwa hiyo kabla hamjamlipa wa kuchapisha tisheti, kaeni chini ya mkilifi mmoja muandike: mwenzetu akikosa karo, tutafanya nini? Akipata mimba? Akisumbuliwa na mwalimu? Akiacha chuo, bado ni wetu?

Mkishajibu, chagueni rangi yoyote, hata zambarau. Nitakuja kuwapigia makofi, kofia yangu kichwani.