Upepo Una Kilo Ngapi?

Kwetu Murukulazo, wilayani Ngara, jiko la nyuma la bibi lilikuwa limeezekwa kwa mabati, na juu ya mabati mawe sita. Aliyewahi kuishi kijijini anayajua mawe hayo. Misumari ilikuwa haitoshi, basi yakawekwa mawe, na yakakaa miaka na miaka. Halafu jioni moja kabla ya mvua ukaja upepo. Mabati yakaondoka na mawe yake, yakaenda kuangukia kwenye migomba.

Nilikuwa darasa la sita. Kilichoniuma si mabati, ni maneno yaliyofuata. Upepo ni wa kijiji kizima, mbona jiko letu tu? Mbona mawe yamehimili miaka yote hiyo, leo ndiyo yashindwe? Kulikuwa na mjane jirani ambaye alikuwa haelewani na bibi juu ya mpaka wa shamba. Hakuna aliyemtaja wazi, watu waliguna tu. Lakini kuanzia wiki ile yule mama hakuja tena kuomba chumvi, na sisi watoto tukaambiwa tusipite kwake. Sisi tunaotoka Kanda ya Ziwa tunajua minong'ono ya namna hiyo imewafikisha wapi akina bibi wengine.

Mwaka jana nikaenda fildi, sekondari moja ya kata, nikapewa fizikia kidato cha pili. Mada: momenta. Nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi, tungamo mara kasi. Nikatoa mfano wa mpira unaogonga ukuta, kisha magari mawili yanayogongana. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili ingawa kipindi ni cha Kiingereza: "Madam, na upepo una momenta? Hewa si haina uzito?"

Nikamjibu kwamba hilo tutaliona baadaye. Jamani, hakukuwa na baadaye yoyote kwenye azimio la kazi. Nilikwepa kwa sababu sikujua.

Usiku nikakaa na daftari. Hewa ina uzito. Kwenye miinuko ya kwetu Ngara, mita moja ya ujazo ya hewa ina karibu kilo moja. Pwani inazidi kidogo. Sasa chukua lile onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa tunalolisikia redioni, upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa. Hiyo ni kama mita 11 kwa sekunde. Simamisha ubao wa mita moja ya mraba mbele ya upepo huo. Kila sekunde zinaufikia kilo 11 za hewa, na kila kilo inakuja na kasi ya mita 11 kwa sekunde. Ukiisimamisha hewa yote, momenta inayopotea kila sekunde ni 11 mara 11, yaani 121. Kani mara muda ndiyo impalsi, na impalsi ni sawa na badiliko la momenta. Hiyo ni kanuni ya pili ya Newton, ya mwaka 1687. Basi kani ni niutoni 121, kama uzito wa mzigo wa kilo 12.

Kwa kweli hewa haisimami yote, nyingine inapita pembeni. Ndiyo maana mainjinia huanzia kwenye nusu ya hesabu hiyo, kisha hurekebisha kufuatana na umbo la jengo. Tuchukue nusu basi, kilo 6 kwa kila mita ya mraba.

Paa la jiko la bibi lilikuwa kama mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Bibi alikuwa anapika, mlango uko wazi na umeutazama upepo. Hewa iliingia, ikakosa pa kutokea, ikasukuma paa kutoka chini. Kwa upepo wa kilomita 40, msukumo huo ni kama kilo 72. Bati jembamba halifiki kilo 3 kwa mita ya mraba, tuseme yote ni kilo 35. Ongeza mawe sita ya kilo kumi kumi: jumla 95. Paa linatulia.

Upepo ukifika kilomita 80 je? Kasi imekuwa mara mbili, lakini kani inakuwa mara nne, kwa sababu kila sekunde inakuja hewa mara mbili, na kila kilo ya hewa hiyo imebeba momenta mara mbili. Sabini na mbili mara nne ni 288. Kumbe ndiyo maana mawe yalihimili miaka yote halafu yakashindwa siku moja. Na ndiyo maana likawa jiko letu: mlango. Hata mgomba unalijua hili. Jani lake likichanika, upepo unapenya badala ya kusimama, na kani inapungua.

Kipindi kilichofuata nikamwomba radhi yule binti mbele ya darasa, tukaanza upya na jiko la bibi. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sabini, na siku hiyo hakuna aliyesinzia.

Wenzangu wa mwaka wa tatu wananiambia: mtihani hauulizi habari za mapaa. Sawa. Lakini mtihani unauliza momenta, na mtoto aliyeihesabu juu ya paa la kwao haisahau. Tena sisi tuliosoma kidato cha pili tulifundishwa kanuni za Newton na nishati ya upepo mwaka uleule, na hakuna aliyetuambia kwamba ni kitu kimoja.

Nilimweleza bibi likizo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ni mlango, mjukuu wangu?" Nikamwambia ni mlango na kasi ya upepo. Akanyamaza. Yule mjane alikwishahama.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi na kwa wahadhiri wetu wa mbinu za kufundishia ni dogo. Kabla hatujaenda fildi mwaka huu, kila mmoja wetu adaiwe andalio moja la somo lenye hesabu iliyotoka kijijini anakokwenda. Liwe paa, liwe mtumbwi, liwe kisima. Na msimamizi akija kutukagua, aanzie hapo.