Ramani Isiyokufa Bando Ikiisha

Bando ikiisha saa hii ukiwa mtaa wa wenyewe, utajua pa kushukia?

Mwaka jana niliuza simu yangu ili nilipe keja. Nikabaki na kabambe na laptopu ya mtumba yenye Linux. Kuna siku nikapata kazi ya kupiga video ya harusi Kitengela. Ndani ya matatu nikafungua ramani kwenye laptopu: skrini tupu, juu hakuna intaneti. Nilifika nusu saa baada ya bibi harusi. Mteja akakata nusu ya pesa yangu, na siwezi kumlaumu.

Hiyo usiku nikaanza kutafuta ramani ya Linux inayofanya kazi bila mtandao. GNOME Maps inapendeza, lakini sehemu ambayo hukuifungua ukiwa na intaneti haitokei. QMapShack ina nguvu, ila imewafaa zaidi watu wa kupanda milima. Iliyonisaidia ni Organic Maps. Iko Flathub, ni bure, haina matangazo. Unashusha ramani ya Kenya ukiwa na waifai, kisha unatafuta mahali na kupanga njia bila kutoa hata bob. Shida ni moja: laptopu nyingi hazina GPS, kwa hivyo haitakuonyesha umesimama wapi. Mimi huandika steji na kona kwenye karatasi kabla nitoke.

Lakini kuokoa bando si ndiyo hoja yangu kubwa. Ramani hizi zinatoka OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza 2004, na mtu yeyote anaweza kuongeza barabara. Hadi 2009, Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Vijana wa huko wakazunguka na GPS, wakaweka vichochoro, kliniki, shule, vyoo na maji. Mradi huo ni Map Kibera. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama mtaa wao unastahili kuonekana.

Sisi tunanunua bando kila siku ili tuonyeshwe mtaa tuliozaliwa. Kwangu hiyo si sawa. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha chochote, lakini wiki jana nimeongeza kichochoro chetu, kile ambacho watu wa boda hukataa kuamini kipo. Ilinichukua dakika kumi.

Na mtaa wako je, uko? Angalia leo. Kama haupo, uweke.