Nafasi Iwe ya Kijiji

Kila msimu wa maombi unapofika, wanafunzi wa mwaka wa tatu hujifungia na fomu za feloshipu. Umeongoza nini? Umebadilisha nini? Baada ya miaka kumi unajiona wapi? Hodari wa maneno anapita, asiye na maneno anabaki. Nimesoma fomu nyingi za namna hii, maana vijana hutuletea tuwanyooshee lugha kabla hawajazituma. Ndani yake mwombaji anajieleza kurasa nne, na mahali anapokwenda kutumikia panapata mstari mmoja. Hapana jina, mwenyekiti wala pampu ya maji iliyokufa. Pamekaa tu panamngoja yeye.

Toleo hili linawahusu vijana hao na programu zinazowapeleka kwa wananchi. Mimi sizipingi. Kijana wa miaka 22 anayekubali kukaa mwaka mzima kata isiyo na lami, kwa posho inayoishia tarehe 20, hastahili kejeli zetu. Ninachohoji ni mwenye mali. Feloshipu kama tulivyozizoea ni mali ya felo: anachaguliwa yeye, analipwa yeye, anapigwa picha yeye, na akiondoka anaondoka nayo. Nataka iwe mali ya kijiji.

Mlimani wamewahi kugombana vikali juu ya utumishi. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kuupinga mpango mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), uliomtaka msomi akae kambini miezi mitano, kisha afanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilisema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakiri kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akatangaza kuukata wake kwa asilimia 20, kisha akawatimua. Karibu vijana 400 walirudishwa makwao. Haikupita miezi minne, likaja Azimio la Arusha.

Kisa hiki tumezoea kukisimulia kama aibu ya wasomi, na aibu ilikuwapo. Anayeutamani ukoloni mwaka wa tano wa Uhuru simtetei. Lakini tazama walichobishania: miezi mingapi, mshahara kiasi gani, nani ajinyime kwanza. Wakulima ambao ndio waliotajwa kuwa sababu ya yote hayo hawakuwa na mtu pale Ikulu wa kusema wanamhitaji msomi wa nini. Azimio la Musoma la 1974 lilikuja na sharti jingine, kwamba kijana apitie kwanza kazini ndipo aende chuo kikuu. JKT kwa mujibu wa sheria ikasimamishwa 1994, ikarejeshwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Katikati ya kusimama na kurejea huko, wafadhili nao walikuja na fomu zao. Aliyeandika masharti amebadilika, ila anayepokea mgeni bado hajaulizwa.

Wako wanaosema dawa ni kuacha kabisa. Aprili 1968, Padri Ivan Illich alizungumza na wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kujitolea vijijini nchini Mexico. Badala ya kuwashukuru, aliwataka waje kutazama, kupanda milima, kujifunza, lakini wasije kusaidia. Wahadhiri wanaipenda sana hotuba hiyo. Ni tamu, na haimgharimu msomaji kitu. Mimi naona jambo la kujifunza Mexico lilikuwa jingine. Tangu 1936 nchi hiyo ilikuwa imeanza kuwapeleka vijijini wanafunzi wake wa udaktari kabla ya kuwapa shahada, na baadaye utumishi wa jamii ukawa sharti la fani nyingine pia. Mpango huo una lawama zake, na kubwa ni ya haki: maskini ndiye anayetibiwa na asiyemaliza kusoma. Hata hivyo nafasi imefungwa kwenye zahanati. Aliyemaliza mwaka wake anaondoka, anakuja mwingine.

Sisi chombo cha kufanyia hivyo tunacho. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inakipa kila kijiji mkutano mkuu, ambao kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Badala ya mwaka mmoja katika vijiji vitano, programu ilipie miaka mitano katika kijiji kimoja. Mkutano useme unataka nani: mtu wa kuweka sawa hesabu za chama cha ushirika, au mwalimu wa fizikia wa shule ya kata. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili na isomwe mbele ya wanakijiji kabla haijatumwa kwa mfadhili. Hilo peke yake litafuta nusu ya chumvi. Na felo anayeondoka amkabidhi daftari anayeingia, wakiwa wote wawili pale kijijini.

Kijana naye asionewe. Amemaliza chuo akiwa na deni la Bodi ya Mikopo. Siku atakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa. Mwaka wake kijijini uhesabiwe kama uzoefu wa kazi, na posho ilingane na bei za sokoni, la sivyo tutabaki na watoto wa wenye nacho peke yao, kwa kuwa wao ndio wenye nyumbani pa kuombea nauli.

Pingamizi kubwa dhidi yangu limo humuhumu gazetini. Mwandishi wa makala ya kwanza anasema mikutano mikuu ya vijiji mingi haitimizi akidi, ajenda anaiandika mtendaji, na mtu atakayeombwa atakuwa karani wa mtendaji huyohuyo. Tumebishana naye hadi siku ya kupeleka kazi kiwandani. Bado naamini ni rahisi zaidi kumbana mtendaji wa kijiji kuliko kumbana mfadhili aliyeko ng'ambo ya bahari. Yeye anasema nimekaa mjini mno. Makala yake iko ukurasa unaofuata.