Asubuhi moja Birere na wageni wa Bukavu

Juma hili tulipokea wamama watatu kutoka Bukavu. Walikuja kwa boti ya usiku, wakafika Goma na njaa, wakatuuliza: "Hapa kwenu watu wanakula wapi?" Tuliwaza kuwapeleka resitora karibu na bandari. Mmoja wetu akasema hapana, twende Birere. Tulinyamaza kidogo, maana tunawakataza watoto wetu kuzunguka huko, kwa sababu ya wezi wa simu.

Tukaenda, mikoba tumeikumbatia kifuani. Birere iko kando kabisa ya mpaka, karibu na Petite Barrière, kule wamama wanakovuka kwenda na kurudi Gisenyi na mizigo kichwani. Chukudu inakusukuma huku, moto inakupigia honi kule. Tulikunywa chai na mandazi, wageni wakanunua fromaji ya Masisi, ile ya duara.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa sambaza. Samaki hawa hawakuwako katika Kivu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wanawavua usiku kwa taa, asubuhi wako sokoni. Mama mmoja alikuwa anazikaanga palepale, na chumvi na pilipili. Zinaliwa nzima, kichwa na mifupa, na mifupa hiyo ndiyo inayowajenga watoto wetu.

Tukataka na mbichi za kubeba nyumbani, tukaanza kubishana bei kama kawaida yetu. Tulitaka apunguze franka 500. Mama akatutazama vizuri, akacheka kidogo: "Madamu, hamnijui? Mtoto wangu anasoma kwenu. Juzi mlimrudisha nyumbani kwa ajili ya minervali."

Tulikosa la kusema. Sisi walimu tunakula kwa minervali ile. Yeye anaitafuta katika hizo franka 500. Tulilipa bei yake yote. Naye, bila kuombwa, akatuwekea matabishi, mkono mzima, akisema ni ya wageni.

Jioni tulizipika na nyanya, tukala na bugali na lengalenga. Jumatatu mtoto alirudi darasani. Mama yake atalipa kidogo kidogo kila Ijumaa, tumeomba kwa direkta na amekubali.

Wageni wetu wamesharudi. Wametualika soko la Kadutu, wakasema hata kule tuje na mikoba kifuani.